Safu ya Kisimani

Jumapili, 1 Desemba

Simpendi baba yangu. Sijawahi kulisema hili kwa mtu yeyote, hata kwa mama, hata nikiwa nimepiga magoti peke yangu. Naliandika la kwanza kabisa ili lisinisumbue tena, na kama iko siku mtu atalisoma, ajue niliandika nikiwa na akili zangu timamu, sikuwa na homa.

Mwezi wa tisa, kwenye mahafali yetu ya kidato cha nne, mzazi mmoja aliombwa aseme neno kwa niaba ya wenzake. Alipomaliza, baba akasimama, ingawa hakuna aliyemwita. Akasema, "Huyu Aneth wangu, mkimsikia anaongea mniite haraka, maana mimi mwenyewe sijawahi kumsikia." Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akafuta machozi. Nyumbani ananiita Bubu. "Bubu, lete maji." "Bubu, wageni wameondoka, unaweza kutoka." Wageni wengine huniita hivyo hivyo, wakidhani ndilo jina langu.

Jana nimeondoka. Niko Mwankoko kwa mama mdogo Scholastika. Yeye anapika chai na chakula cha mchana kwenye ofisi ya mradi wa mbegu za alizeti hapa mjini Singida, na amenisemea kazi ya muda ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kwa sababu shuleni nilisoma kompyuta. Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Issuna, si mbali kama basi halijaharibika. Kwangu ni mbali vya kutosha.

Mvua bado. Upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.


Jumatatu, 2 Desemba

Bosi wangu anaitwa Sultani. Ni mtu wa hapa hapa mjini, kwao wana maduka karibu na soko, na takwimu zote za mradi ziko chini yake. Ana miwani anayoivaa kwenye paji la uso, haiteremshi mpaka akitaka kukuaibisha.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Sema tena, sijasikia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama Scholastika, umeniletea mtu au kivuli?"

Mama mdogo alicheka kama aliyeambiwa jambo zuri. Nikaona nimemkimbia baba mmoja nimefika kwa mwingine.


Jumanne, 3 Desemba

Joto. Nimeingiza majina ya wakulima mpaka macho yanawasha. Sultani amepita mbele yangu mara nyingi kama anayepita mbele ya kabati.


Alhamisi, 5 Desemba

Programu tunayotumia inaitwa R. Haina vitufe vya kubofya kama tulivyozoea shuleni. Unaandika amri, nayo inatii kile ulichoandika, si kile ulichokusudia.

Leo nilijifunza kutengeneza majedwali ya kuchapa. Ndani ya amri ya jedwali kuna sehemu ya kueleza kila safu ikae upande gani. Unaandika herufi moja kwa kila safu: l ni kushoto, c ni katikati, r ni kulia. Jedwali la kijiji cha Mkiwa nililiwekea c kote, kwa sababu namba zilikaa vizuri katikati kama shanga, nikapendezwa. Nikampelekea Sultani. Aliteremsha miwani.

"Hii nini?"

"Jedwali la Mkiwa."

"Hapana. Hiki ni kitambaa cha meza, umedarizi. Tazama hapa, tisa imekaa chini ya tumbo la mia moja na kumi. Mamoja yako wapi? Makumi yako wapi?"

Akagonga karatasi kwa kidole.

"Maneno kushoto, namba kulia. Mamoja chini ya mamoja. Darasa la pili mlijumlishaje, binti, kwa kuangalia ipi imependeza?"

Mama mdogo alikuwa mlangoni na birika la chai. Alisikia yote. Nilirudi nikabadilisha herufi, namba zikasogea kulia zikapangana, na kweli mtu angeweza kuona kwa mara moja nani kapata nyingi na nani kidogo. Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimemuweka kwenye foleni ya nisiowapenda, nyuma ya baba.


Jumamosi, 7 Desemba

Kufua. Mama mdogo anasema baba ni maneno tu, moyoni hana kitu. Hajawahi kuishi naye.


Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, hatukwenda kazini. Mama kapiga simu. Ng'ombe wamekonda, mvua bado, na baba amechaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha alizeti cha kitongoji chetu cha Kisimani. "Amefurahi, hakai chini. Anataka akuambie mwenyewe," mama alisema. Nikamwambia salio linakwisha. Aliyepiga ni yeye.


Jumatano, 11 Desemba

Kila kijiji kinapelekewa karatasi moja kubwa ya kuonyesha kila kitongoji kitapata mifuko mingapi ya mbegu. Jedwali lilikuwa na safu mbili tu, ya jina la kitongoji na ya mifuko, kwa hiyo herufi mbili zilitosha: l na r. Nikachapa vijiji vyote asubuhi, kikabaki chetu. Saa nane Sultani akaja kasimama nyuma yangu, ananuka karafuu.

"Pindua hiyo iliyobaki. Vitongoji vikae juu, kila kimoja na safu yake, chini yake kaya, ekari, mifuko. Nataka nione kama inasomeka vizuri zaidi. Na uondoe mistari, wino unakwisha."

Nikapindua. Safu zikawa tano: moja ya maelezo na nne za vitongoji. Herufi nikaziacha zile zile mbili. Kama ningekosea, niliamini programu ingelalamika, maana hulalamika hata mtu akisahau mabano. Haikulalamika. Herufi zilipoisha ilianza upya yenyewe, l, r, l, r, l. Maelezo yakakaa kushoto, sawa. Mlimani, kitongoji jirani na chetu, ikaenda kulia, sawa. Kisimani ikarudi kushoto. Basi namba za Mlimani na za Kisimani zikakutana zikagusana migongo kama watu wawili kwenye kitanda chembamba. Mstari wa mwisho ni wa mifuko ya mbegu. Mlimani ni 142 na Kisimani 60. Kwenye karatasi unaona 14260, na katikati upenyo wa unywele.

Niliiona ilipotoka kwenye mashine. Nilisimama nayo mkononi. Sultani alikuwa anagombana na dereva kwa simu, akafunika simu kwa kiganja.

"Bado tu? Lete nisaini."

Nikampa. Akasaini bila kuteremsha miwani.

"Samahani," nilisema.

"Nini?"

"Hakuna."

"Kama hakuna, tia kwenye bahasha."

Nikatia. Nilijiambia mtu yeyote mwenye macho ataona kuwa ni namba mbili.


Ijumaa, 13 Desemba

Gari la mbegu limeondoka. Mawingu yalijikusanya mashariki, yakatawanyika.


Jumapili, 15 Desemba

Mvua! Imeanza tukiwa ibadani, hatukusikia mahubiri kwa kelele za bati. Hakuna aliyelalamika.


Jumatatu, 16 Desemba

Mvua tena. Sultani kanikaripia kwa kuingia na matope, kisha akaingia na yake.


Jumanne, 17 Desemba

Mama kapiga jioni. Alikuwa ananong'ona, nikafikiri kuna msiba.

"Baba yako wanamwita mwizi."

"Nani?"

"Wote. Karatasi yetu ya Kisimani imeandikwa mifuko mia mbili na sitini. Gari limeshusha sitini. Wanauliza mia mbili iko wapi. Jana wamepekua ghala, wamepekua mpaka chini ya kitanda changu, Aneth. Wameinua godoro langu mbele za watu."

"Na Mlimani?"

"Mlimani karatasi yao imeandikwa kumi na nne, wao wamepata mia na zaidi. Emilian anasema mradi umewaongezea kwa kuwa unajua wapi hakuna wezi."

Emilian ni mwenyekiti wa Mlimani.

Nilielewa pale pale, simu ikiwa bado sikioni. Kijijini kwetu karatasi ya ofisi haibandikwi nzima. Vitongoji viko mbalimbali, na zamani watu waligombana karatasi ikae mlango wa nani. Kwa hiyo mtendaji wetu, mzee Sostenes, huikunja kati ya safu na safu, hupitisha ukucha juu ya mkunjo, huulowanisha kwa ulimi, kisha huchana. Kila mwenyekiti anaondoka na ukanda wake na kwenda kuubandika mlangoni kwake. Hata ratiba ya chanjo ya watoto ilichanwa hivyo. Ofisini hakuna anayelijua hilo. Mimi nimezaliwa nalo, na Jumatano ile halikunijia hata kidogo.

Mkunjo wa mkono hauwi wima kabisa. Ukianza vizuri juu kwenye majina, ukifika chini umeshapinda kidogo. Namba zingekaa kulia kote, kungekuwa na nafasi pana kati ya safu, na mkunjo kupinda kusingedhuru kitu. Safari hii nafasi haikuwepo. Ile 2 ya Mlimani ilichanika ikaenda Kisimani. Wao wakabaki na 14, sisi tukapata 260.

Sasa naandika kitu kibaya kuliko kile cha siku ya kwanza. Nilifurahi. Nilimuona baba amesimama katikati ya uwanja, anasema na kusema, mikono inarushwa huku na huku, na hakuna anayemwamini. Nilimuona anatafuta maneno. Nilisema, "Pole, mama," nikamuaga. Nikala ugali wote na mlenda, nikaongeza.


Jumatano, 18 Desemba

Mvua. Mbu.


Alhamisi, 19 Desemba

Sultani kasema kazi yangu ya wiki hii haina makosa. Nikaangalia vidole vyangu.


Ijumaa, 20 Desemba

Nilimpigia mama mwenyewe. Nilitaka kusikia zaidi, hiyo ndiyo kweli.

Wamemvua baba uenyekiti. Mama akifika kisimani wanawake wanachukua ndoo zao wanaondoka, hata zikiwa nusu. Na Emilian amemnyima maksai. Sisi tuna maksai mmoja na Emilian ana mmoja. Tangu nina akili wanafungwa nira pamoja, wanalima kwetu siku mbili na kwake siku mbili. Jembe la kukokotwa halivutwi na maksai mmoja. Udongo umelowa, wengine wameanza kupanda, na mvua ya kwetu haikubembelezi, ikikatika imekatika.

"Tunalima kwa mkono," mama alisema.

"Shamba lote?"

"Tutafika tutakapofika. Ngoja, baba yako huyu hapa."

"Mama, usimpe..."

Alishampa. Nilisikia pumzi. Nilingoja aseme Bubu.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nilisikia kuku, nilisikia matone yakianguka kwenye sufuria, kisha mama akarudi kwenye simu.

"Hajasema na mtu tangu juzi," alisema. "Hata na mimi."

Nilingoja ile furaha ya Jumanne irudi. Ilirudi nusu, na nusu hiyo nikaishikilia.


Jumapili, 22 Desemba

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele wa Krismasi.

"Baba yako Isaka kapatikana," alisema. "Nilimwambia dada Rebeka tangu siku ya posa, mdomo ule utawafikisha pabaya. Lakini mwizi? Hapana. Yule hawezi kuiba, angeiba angetangaza mwenyewe sokoni."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mpaka akageuka kunitazama, maana hajawahi kunisikia. Kisha akasema, "Dada yangu ndiye ninayemuonea huruma. Ule mgongo wake wa kulima kwa mkono uko wapi?" akaendelea na mchele, akitupa mawe kwa kuku, na mimi nikamchukia kwa kulisema hilo kama jambo la kawaida. Mama alipasuliwa mgongo mwaka juzi. Nilijua. Tangu Ijumaa nilikuwa najua, na nilikuwa nimeliweka pembeni.


Jumatatu, 23 Desemba

Nilimngoja Sultani amalize chai. Nikafungua lile jedwali kwenye kompyuta, nikasimama kando ili alione.

"Karatasi ya kijijini kwetu imekosewa," nilisema.

Hakuniambia niseme tena. Aliteremsha miwani, akasogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Herufi ngapi?"

"Mbili."

"Safu?"

"Tano."

Nikamweleza jinsi mzee Sostenes anavyochana, na 2 ilivyohama, na baba. Nilipotaja baba alinyanyua kichwa.

"Isaka huyo wa Kisimani ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Umeona lini kosa hili?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilipofungua."

Akavuta kiti. Nilitazama birika.

"Kaa," alisema. "Andika. Nione kidole kwa kidole."

Nikaandika l, halafu r nne. Jedwali likatengana lenyewe, 142 huku na 60 kule, nafasi kati yake ingepitisha kidole. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kunywa maji. Aliweka na mistari, wino ukiisha uishe, akachapa nakala nne.

"Jina lililosainiwa kwenye ile mbovu ni la nani?"

"Lako."

"Kesho asubuhi tunakwenda. Vaa viatu vya maana."

Nilisema asante. Akasema, "Nyamaza. Hiyo unaiweza."


Jumanne, 24 Desemba

Tulikwenda kwa pikipiki ya mradi. Baada ya kuacha lami, tope lilitushusha mara kwa mara, Sultani akisukuma na mimi nikibeba bahasha kifuani.

Mzee Sostenes aliita watu kwa kugonga rimu ya gari. Walikuja wengi kuliko wanaokuja mikutano ya maendeleo. Mama alisimama nyuma, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu, amejishika mgongo. Baba alikuwa chini ya ukingo wa paa la ofisi, peke yake, na kwa pande zote watu walikuwa wameacha nafasi ya kuenea watu watatu. Amepungua. Hakunitazama.

Sultani akaomba vile vikanda viwili. Cha Kisimani kilikuwa kwa mzee Sostenes, alikuwa amekiweka kama ushahidi. Cha Mlimani kilikuwa mlangoni kwa Emilian.

"Karatasi ya Mlimani ni ya Mlimani," Emilian alisema.

"Nitakurudishia."

"Mtu wa mjini akisema nitakurudishia, sisi tunajua."

Watu wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Emilian, kama huna kitu cha kuficha kailete, tunalowa!" Akaenda, akachukua muda wake wote, akarudi nacho kikiwa na ugali wa kubandikia kwenye pembe.

Sultani akavuta meza mpaka mlangoni penye mwanga. "Unganisha," akaniambia.

Nikavitandaza vikanda mezani. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Si yule Bubu wa Isaka?" na mwingine, "Leo ataongea, mvua itakatika." Nikaweka ukingo kwa ukingo. Juu, Mlimani na Kisimani vikaachana vizuri. Nikashuka na kidole. Chini kabisa, mchano ulikuwa umepinda, na kwenye ukanda wa Mlimani, baada ya 14, kulikuwa na kijimkia cheusi kimebaki peke yake. Kilikuwa mkia wa ile 2.

"Sema, wasikie," Sultani alisema.

"Hii 2 ni ya Mlimani."

"Hatusikii!"

"Hii 2 ni ya Mlimani!" Sauti ilitoka kubwa na mbaya, kama ya mtu anayefukuza mbuzi. "Mkia wake umebaki huku. Mlimani ni mia moja arobaini na mbili. Kisimani ni sitini. Gari lilishusha sitini."

Watu walisogea, wakainama mmoja mmoja, wakagusa ule mkia kwa kucha. Sultani akatandaza karatasi mpya kando yake. Wakalinganisha. Kelele zikaanza.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwizi?" mzee Sostenes akauliza.

"Hakuna mwizi," Sultani alisema. "Karatasi ilitoka ofisini mbovu. Namba zilibanana. Niliisaini bila kuitazama. Lakini na ninyi, karatasi ya ofisi mnaichana kama doti ya kanga?"

"Ungeleta nne tusingechana!" yule mama akajibu, na safari hii Sultani ndiye aliyechekwa.

"Nani aliipanga vibaya?" Emilian akauliza. "Mtu ana jina."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kugusana bega. Nilikuwa na sauti, nilikuwa nimetoka kuisikia.

"Mimi," Sultani alisema.

Hakunigeukia. Nami sikufungua mdomo.

Mzee Sostenes akasema Isaka arudishiwe uenyekiti wake. Watu wa Kisimani wakaanza kumfuata baba kumpa mkono, na baba akawapa mkono mmoja mmoja bila kusema, mpaka Emilian.

"Maksai nitamleta kesho," Emilian alisema.

"Kesho Krismasi," mzee Sostenes alisema.

"Basi keshokutwa."

"Lete au usilete," baba alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa juma zima, kwa mujibu wa mama. "Ila godoro la mke wangu utakuja kulitandika wewe mwenyewe."

Nikabaki kwa ajili ya sikukuu. Sultani alipokuwa anawasha pikipiki nikamfuata, nikataka kusema jambo. Akaniwahi.

"Usinishukuru. Huyo ni baba yako ndiyo maana nimefunga mdomo. Sitaki kuiona sura yako mpaka mwezi wa kwanza. Na ukirudi, utahesabu safu kabla ya kuandika herufi, au utakwenda kuchambua mchele na mama yako mdogo."

Bado simpendi Sultani. Nimemtoa kwenye ile foleni, lakini sijui nimuweke wapi.


Jumatano, 25 Desemba, Krismasi

Mvua ilisimama asubuhi, watu wakajaa nje ya kanisa baada ya ibada, viatu mkononi. Baba amerudiwa na sauti. Imerudi yote na nyongeza.

"Mlikuwa mnamwita Bubu!" aliwaambia, kama vile jina lile lilitoka kwao. "Haya, Bubu kasema! Wazima wote hapa, wenye macho, wenye vyeo, mmepekua ghala langu hamkuona kitu. Mtoto huyu kaona mkia wa namba!"

Emilian alikuwa anapita na wanawe, wamevaa mashati mapya ya namna moja. Baba akamzibia njia kwa fimbo.

"Muulize rafiki yangu huyu. Yeye alishukuru Mungu kwa kumi na nne zilizozaa mia!"

"Isaka, leo sikukuu," Emilian alisema.

"Kwangu ni sikukuu. Kwako sijui."

Wenye kucheka wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inifunike, kama siku ya mahafali, tena zaidi. Akanivuta mbele kwa bega. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, niliyasikia kupitia gauni. Sijui lini mara ya mwisho alinigusa.

"Mwanangu," alisema, na bega langu hakuliachia. "Mwanangu alipoona kosa lile, hakulala. Nawaambia hakulala! Kapambana na bosi wake, kapita kwenye tope hili, kaja kumtoa baba yake kwenye aibu."

Watu wakaitikia. Wakanipa mkono. Bibi mmoja akanibariki kwa Kinyaturu, akanitemea mate kidogo kwenye kiganja. Mama, ambaye ndiye aliyenipigia simu ile Jumanne, alikuwa anatazama viatu vyake.

Sasa ni mchana, wamekula wamelala, na baba anakoroma chumba cha pili. Kabla ya kulala ameniuliza kama nimeshiba. Aliniita Aneth. Bado sijui kama nampenda. Nimejaribu kujiuliza vizuri, kwa haki, na jibu halikuja.

Lakini lile la kulala ninalijua. Nililala. Kila usiku wa juma lile, mama akiwa amejinyoosha sakafuni kwa maumivu na baba akiwa hasemi, mimi nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala katika nyumba hii. Sultani nilimdanganya. Mama pengine anahisi. Baba hajui kabisa, na amekwisha kulisema mbele ya kanisa zima.

Wewe unayesoma ndiye unayejua. Nakuomba, ukipita huku kwetu na baba akikusimulia habari hii, maana atakusimulia hata usipouliza, mwache amalize. Mpe hongera, kunywa chai yake, nenda zako. Usimwambie.